Usilaumu Mbuta: Ningu Tulimfungia Mlango Sisi Wenyewe

Hebu fanya jaribio dogo. Ingia mtaa wowote Kisumu, au kibanda chochote cha samaki pale Gikomba, umwombe kijana wa rika lako akutajie samaki wa Ziwa Victoria. Mbuta atatajwa kwanza. Ngege, omena, sawa. Mwenye ameketi na wazee ataongeza kamongo na mumi. Sasa muulize kuhusu ningu. Wengi watakuuliza, "Huyo naye ni nani?"

Na si kitambo sana, ningu alikuwa jina kubwa Nyanza. Msimu wa mvua ukifika, mito ilijaa yeye, na watu waliokaa kando ya mito hiyo walijua kabisa ni wakati gani wa kuandaa vikapu. Alikuwa miongoni mwa samaki wa biashara waliotegemewa zaidi. Leo yuko kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Hiyo ni ngazi ya mwisho kabla ya kusema kiumbe ameisha porini.

Ukiuliza alienda wapi, jibu huwa ni moja: mbuta alimkula. Wazungu walileta mbuta, mbuta akamaliza kila kitu, kwisha habari. Hiyo hadithi tumeimeza nzima, na mimi pia niliimeza kwa miaka. Ni tamu kwa sababu mhalifu ni samaki, na samaki hawezi kujitetea.

Shida ni tarehe. Tarehe zinakataa.

Kwanza tumjue ningu

Kitaalamu anaitwa Labeo victorianus. Jina hilo alipewa mwaka 1901 na George Boulenger, mtaalamu wa samaki aliyefanya kazi kwenye jumba la makumbusho London. Mwaka huohuo reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, mahali ambapo leo tunaita Kisumu. Shikilia hiyo tarehe, tutairudia.

Ningu si samaki wa kutisha. Mdomo wake unaangalia chini, midomo ni minene, na kazi yake ni kukwangua mwani kwenye mawe. Aliyekomaa kabisa anafika sentimita 40 hivi. Na hapatikani kokote duniani nje ya Ziwa Victoria na mito inayohusiana nalo. Akiisha hapa, ameisha. Hakuna mahali pa kwenda kuazima wengine.

Kitu kilichomfanya awe tofauti ni kwamba anaishi nyumba mbili. Chakula anapata ziwani, ananenepa huko. Lakini watoto hawezi kuwapatia ziwani. Mvua za masika zikianza kunyesha, na tena zile fupi za mwisho wa mwaka, Nzoia, Yala, Nyando, Sondu-Miriu, Kuja na Mara huanza kujaa. Ningu wananusa maji mapya na kuanza kupanda, makundi kwa makundi, majike wakiwa na matumbo yaliyojaa mayai.

Na hawapandi ili watage katikati ya mto penye maji yanakimbia. Wanatafuta kando, pale mto umefurika ukaingia kwenye nyasi. Hapo maji yametulia, yana joto, chakula cha watoto ni kingi na maadui ni wachache. Wanataga hapo. Maji yakianza kupungua, wazazi wanarudi ziwani, na watoto wanafuata wakishapata nguvu.

Ukiangalia vizuri, maisha ya huyu samaki yanategemea milango mitatu. Wa kwanza ni mdomo wa mto, pale ziwa na mto vinapokutana. Wa pili ni mto wenyewe kuwa wazi kwenda juu. Wa tatu ni kingo, yaani mto kuruhusiwa kutoka kando na kuingia kwenye nyasi. Halafu kuna saa: milango yote mitatu lazima iwe wazi wakati mmoja, wiki zile za mafuriko.

Funga mlango mmoja tu na ningu hatakufa siku hiyo. Atarudi ziwani, ataendelea kula, atazeeka. Ndiyo maana hatukuona maiti. Samaki wa aina hii hapotei kwa kufa. Anapotea kwa kutozaliwa.

Ukuta wa kwanza: kek

Tuseme ukweli. Sisi si watu wa kwanza kukatiza mto. Wavuvi wa Kiluo wa mitoni walikuwa na kitu kinaitwa kek. Ni uzio wa miti na matete unaokatiza mto, ukiachiwa nafasi ambazo vikapu vya kunasia vinawekwa. Samaki akitafuta njia ya kupita anaingia kikapuni. Asubuhi mnaenda kutoa.

Sitaki kukuuzia hadithi kwamba babu zetu walikuwa malaika wa mazingira. Kek ni kizuizi, na lengo lake lilikuwa kushika samaki, tena wengi iwezekanavyo. Lakini angalia mipaka yake. Imejengwa kwa vijiti. Mto ukifura kweli, maji yanapita juu yake au yanaibeba, na hiyo ndiyo saa ningu wanataka kupita. Kikapu kina ukubwa wake, kikijaa kimejaa. Na kek inakaa sehemu moja ya mto. Haiwezi kumfuata samaki ziwani.

Kwa hiyo vizazi kwa vizazi vilikula ningu, na ningu waliendelea kuja. Sidhani ilikuwa kwa sababu watu walikuwa na roho nzuri kuliko sisi. Ni kwamba ukuta wao ulikuwa dhaifu kuliko mto, na udhaifu wa ukuta ndio ulikuwa usalama wa samaki.

Ukuta wa pili: hauonekani

Sasa rudi 1901. Reli imefika ziwani. Ghafla samaki wa Nyanza ana soko zaidi ya kijiji jirani. Mwaka 1905 zikaingia nyavu za aina mpya, zile zinazotegwa kama pazia ndani ya maji. Samaki haoni, anajaribu kupita, kichwa kinaingia, mwili unakwama, akirudi nyuma uzi unamshika mashavuni. Mvuvi hahitaji kukimbizana na mtu. Anatega jioni, anakuja asubuhi.

Aliyeumia kwanza alikuwa ngege. Zikapita miaka ishirini tu na wavuvi wakaanza kulalamika kwamba wavu mmoja hauleti kama zamani. Serikali ya kikoloni ikamtuma Michael Graham kufanya uchunguzi wa ziwa zima, mwaka 1927 na 1928. Pendekezo lake kubwa: tundu la wavu lisiwe chini ya inchi 5. Hiyo ikawa sheria.

Ile sheria iliwekwa kwa ajili ya ngege, lakini hebu fikiria ilimfanyia nini ningu. Ningu ni mwembamba. Tundu la inchi 5 kwake ni mlango wa gereji. Anapita bila hata kupunguza mwendo. Kwa hiyo kanuni ambayo haikumfikiria hata kidogo ilikuwa inamsaidia.

Miaka ya 1950 mambo mawili yakatokea kwa karibu. Moja, nyuzi za nailoni zikaja. Nyavu za zamani zilikuwa za nyuzi za mimea, zinaoza, zinahitaji kukaushwa na kushonwa kila mara. Nailoni haichoki, na ndani ya maji haionekani vizuri. Mbili, sheria ya inchi 5 ikawa ngumu kusimamia, na serikali zikaiacha. Uganda na Tanganyika ziliifuta 1956. Kenya ikafuata 1961. Kuanzia hapo tundu dogo ni halali, na ningu hana tena mahali pa kupita.

Na nyavu hizo zilitegwa wapi? Ukiwa mvuvi na unajua kuna samaki ambaye kila msimu wa mvua anajileta mwenyewe kwenye mdomo wa mto, amejaa mayai, bei yake ni nzuri, wewe ungetega wapi? Pale pale. Mlango wa kwanza. Pazia juu ya pazia, kila familia na lake. Ukihesabu wavu mmoja mmoja, hakuna mwenye makosa. Ukizihesabu zote pamoja, ni ukuta. Na tofauti na kek, huu mafuriko hayauvunji.

Na kila jike aliyenaswa pale alikuwa na maelfu ya mayai ambayo hayakuwahi kufika kwenye nyasi.

Sasa angalia tarehe

Mwaka 1959, P. J. P. Whitehead, mtaalamu wa samaki aliyekuwa akifanya kazi hapa Kenya, alichapisha maandishi kuhusu uvuvi wa mito ya Nyanza na samaki wanaopanda kutoka ziwani. Mwaka 1965, mtaalamu mwingine, D. A. Cadwalladr, alichapisha makala ambayo kichwa chake pekee kinatosha kukuvunja moyo. Ilihusu kuporomoka kwa uvuvi wa ningu, na pamoja na hilo, kudhoofika kwa mbinu za kienyeji za uvuvi kwenye Mto Nzoia.

Soma hiyo tena polepole. 1965. Tayari uvuvi wa ningu umeporomoka. Na unapoporomoka haubebi samaki peke yake. Unabeba kazi ya mikono ya wale waliojua kusuka vikapu na kusimamisha kek. Hakuna mtu atakesha akishona kikapu cha samaki ambaye haji.

Sasa mbuta. Mbuta aliingizwa kwenye mfumo wa ziwa kuanzia miaka ya 1950, na akaongezwa rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini kwa muda mrefu alikuwa wachache tu. Kule kujaa kwake, ile ya kumfanya atawale nyavu za upande wa Kenya, ilikuja mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980. Hapo ndipo fulu, wale samaki wadogo wenye spishi mamia, walimalizwa vibaya sana. Kwa fulu, mbuta ana kesi ya kujibu. Na huenda pia alimzuia ningu kuinuka tena.

Lakini kumwangusha ningu? Mbuta alipojaa ziwani, ningu alikuwa ameanguka zaidi ya miaka kumi kabla. Mbuta ni yule jamaa aliyefika eneo la ajali akiwa amechelewa, na sisi tukamshika kwa sababu alikuwa mkubwa na ana meno.

Kuna kitu kingine kwenye hii historia kinanisumbua. Unajua kwa nini mbuta hakuwa ziwani tangu mwanzo? Kwa sababu ya ukuta. Mto Nile ukitoka Ziwa Victoria unapita Uganda na kuanguka kwenye maporomoko ya Murchison, na mbuta aliishi chini ya maporomoko hayo, Ziwa Albert na kuendelea. Hakuweza kupanda. Kwa hiyo kuna ukuta wa asili uliokuwa unalinda samaki wetu, na sisi binadamu tukambeba mbuta tukamvusha juu yake. Wakati huohuo, mlango wa asili uliokuwa unatulisha, ule mdomo wa mto, tukauziba. Tulikosea pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Nasema hivi kwa sababu sitaki utoke hapa ukidhani kila kizuizi ni kibaya. Swali ni kizuizi kiko wapi, kinamzuia nani, na kinafunguka lini.

Ukuta wa tatu: tuta

Twende Budalang'i. Kama umewahi kuona habari za mafuriko Kenya, umeona Budalang'i. Nzoia ikishuka kutoka milimani na kufika uwanda wa chini, inatandaa. Kuanzia miaka ya 1970 serikali ilijenga matuta marefu ya udongo pande zote mbili za mto ili maji yabaki ndani. Ukiwa na nyumba pale na watoto, unataka lile tuta, na una haki ya kulitaka. Kila likivunjika watu wanalala shuleni na kanisani.

Lakini kumbuka mlango wa tatu. Ningu anahitaji mto utoke kando uingie kwenye nyasi. Tuta linasema hapana. Mto unabaki kama barabara yenye kuta pande zote mbili: unaweza kwenda mbele na nyuma, lakini hakuna pa kutokea. Samaki anaweza kupanda salama kabisa na bado akakosa pa kutaga. Watu wengi wakisikia samaki amezuiwa wanafikiria bwawa tu, ukuta unaokatiza. Ukuta unaoenda sambamba na mto unaua kimyakimya zaidi kwa sababu haufanani na kizuizi.

Ongeza mashamba. Mradi wa umwagiliaji wa Ahero ulianza mwisho wa miaka ya 1960, mashamba ya mpunga yakafuata West Kano na Bunyala, na maeneo ya matete na mafunjo karibu na midomo ya mito yamekuwa yakilimwa kidogo kidogo tangu hapo. Mchele huo tunakula, hata mimi. Nasema tu kwamba kila ekari ya nyasi inayofurika iliyogeuzwa shamba ilikuwa chumba cha kuzalia cha mtu mwingine.

Ukuta wa nne: zege

Halafu stima. Mradi wa Sondu-Miriu, megawati 60, ulifadhiliwa kwa mkopo wa Japani na kuanza kuzalisha stima 2008. Hauna bwawa kubwa kama Masinga kule Tana. Umefanya hivi: mto unakatizwa kwa ukuta mfupi, maji mengi yanageuzwa na kuingia kwenye handaki la kilomita sita hivi, yanaangukia mitambo, halafu yanarudishwa chini zaidi. Baadaye kukaongezwa kituo cha Sang'oro, megawati 21, kinachotumia maji yaleyale kabla hayajarudi mtoni.

Hii inasifiwa kama stima safi, na kwa upande wa moshi ni kweli. Lakini fikiria ile sehemu ya mto iliyo kati ya pale maji yanachukuliwa na pale yanarudishwa. Mto upo kwenye ramani, ila maji yake mengi yako ndani ya mlima. Kwa samaki anayesafiri, mto uliokauka ni ukuta sawa tu na zege.

Na kuna jambo ambalo watu hawalifikirii: saa. Mitambo inapenda maji yanayotiririka kwa kiwango kilekile mwaka mzima. Ningu anapenda mto ulioshiba ghafla, kwa sababu ule mfuriko ndio kengele inayomwambia ni wakati wa kupanda. Ukiusawazisha mto, umeizima kengele hata kama umeacha mlango wazi.

Kukatwa vipande kunaua vipi

Hapa ndipo watu wanauliza, kwani samaki waliobaki juu ya ukuta si wataendelea kuishi huko juu, na wa chini waishi chini?

Fikiria mtaa wenu umefungwa geti, hakuna kuingia wala kutoka, miaka hamsini. Mwanzoni maisha yanaendelea. Halafu kunatokea mwaka wa ukame, au mtu anamwaga sumu kwenye mto, na wengi wanakufa. Zamani wenzao wangepanda kutoka chini na kujaza nafasi. Sasa hakuna wa kuja. Wale wachache wanaobaki wanazaana wao kwa wao, damu ileile, na kila kizazi kinazidi kuwa dhaifu. Ugonjwa mmoja au kiangazi kimoja kikali kinawamaliza. Kipande hicho kikizimika, kimezimika. Halafu kinafuata cha pili.

Hii si ya Nyanza peke yake. Ripoti ya kimataifa iliyotolewa 2024 ilifuatilia makundi ya samaki wa maji baridi wanaohama, na kupata kwamba kati ya 1970 na 2020 makundi hayo yalipungua kwa wastani wa asilimia 81. Mabwawa na vizuizi vingine vya mito, pamoja na uvuvi uliopitiliza, ni miongoni mwa sababu kuu. Kila mahali ni hadithi moja: samaki mwenye nyumba mbili ndiye anaumia kwanza, kwa sababu ukivunja njia umevunja nyumba zote mbili.

Huyu si samaki dhaifu

Kuna kitu nilisoma kuhusu ningu kikanifanya niache kumwonea huruma na kuanza kumheshimu. Ziwa Victoria, hili tunaliona kubwa hadi mwisho hauonekani, lilikauka karibu miaka 15,000 iliyopita. Watafiti walipochunguza DNA ya ningu, walipata kwamba ukoo wake ni mkongwe kuliko ukame huo. Ina maana ziwa lilikauka na ningu akabaki. Alibaki wapi? Ziwa likikauka, panapobaki na maji ni mitoni. Maji yaliporudi, naye akarudi.

Kwa hiyo huyu ni samaki aliyeponea kupotea kwa ziwa zima kwa sababu mito ilikuwa wazi. Sisi tumemwachia ziwa limejaa, tukamfungia mito. Na ndani ya miaka sitini tu kuanzia nyavu za 1905, akaporomoka.

Kwa nini nakusumbua na mambo ya 1965

Kwa sababu ukikosea mhalifu, unakosea dawa. Tukisema mbuta ndiye alimaliza ningu, basi hakuna la kufanya, mbuta yuko na anatuletea pesa za kigeni, tuendelee. Tukisema ukweli, kwamba ni milango tuliyofunga, basi tunabaki na swali gumu zaidi: tutafungua upi?

Na swali hilo ni la sasa hivi. Kwenye Mto Nyando, mpakani mwa Kisumu na Kericho, kuna bwawa la Soin-Koru, mradi uliozungumziwa kwa miongo mingi na ambao ujenzi wake ulizinduliwa miaka hii ya 2020. Lengo ni kupunguza mafuriko ya Kano na kuleta maji ya kunywa. Mimi sitasimama mbele ya mama wa Kano ambaye maji yameingia jikoni kwake mara tatu na kumwambia samaki ni muhimu kuliko yeye. Bwawa likimfaa, lijengwe.

Lakini kuna maswali ambayo kijana wa Ahero, wa Awasi, wa Muhoroni ana haki ya kuuliza kwenye baraza, na tayari sheria iko upande wake. Sheria ya mazingira ya 1999 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa, na wananchi wasikizwe. Sheria ya Maji ya 2016 inataka sehemu ya maji ya mto iachwe kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa mto wenyewe. Kwa hiyo uliza: samaki wanaopanda huu mto ni gani, na nani amewahesabu? Kuna njia ya samaki kupita? Maji yataachiliwa vipi wakati wa mvua, yatafanana na mafuriko au na bomba la nyumbani? Nyasi za chini kule mdomoni zitaendelea kupata maji? Ukijibiwa kwamba kituo cha utafiti kinaweza kuzalisha vifaranga wa ningu, shukuru, kwa sababu ni kweli watafiti wa Uganda na Kenya wamefaulu kumzalisha, na hiyo ni akiba nzuri. Halafu uliza tena: hao vifaranga wakikua watapanda wapi kwenda kutaga?

Kuna mambo mengine hayahitaji hata mabilioni. Kulinda midomo ya mito kwa wiki chache za mvua ni jambo ambalo vikundi vya usimamizi wa fuo vinaweza kusimamia, kama ambavyo omena ana miezi yake ya kupumzika. Kwenye matuta, kunaweza kuachwa sehemu chache ambapo mto unaruhusiwa kuingia kwenye nyasi zisizo na nyumba. Hapo pia tuta lote linapata nafuu, kwa sababu maji yamepata pa kwenda.

Na usiniambie kwamba kilichofungwa hakifunguki. Kwenye Mto Kennebec, jimbo la Maine kule Marekani, bwawa la Edwards lilijengwa 1837 na kufunga njia ya samaki wanaopanda kutoka baharini. Lilibomolewa 1999. Miaka 162 ilikuwa imepita. Vizuizi vingine vya juu vikafuatia kushughulikiwa, na leo samaki wanaopanda kule wanahesabiwa kwa mamilioni. Hakuna aliyewafundisha njia. Waliifuata tu ilipofunguliwa.

Ningu bado wapo, wachache, kwenye baadhi ya mito ya bonde hili. Mvua ya masika ikianza, hao wachache wataanza tena kuelekea mdomoni, kama walivyofanya kabla ya reli, kabla ya nailoni, kabla ya ziwa lenyewe kujaa. Wao wamefanya sehemu yao kila mwaka bila kukosa.

Kwa hiyo mtu akikuambia tena mbuta alimaliza ningu, mwambie aangalie tarehe. Halafu mwulize ni mlango gani tunaanza kufungua.